Mistari Kwenye Manyoya ya Utingo

Shangazi yangu alikuwa mpiga pasi. Aliianza kazi hiyo kabla sijazaliwa, kwenye duka la dobi lililo nyuma ya hospitali, na mpaka leo sijaona mtu mwingine anayeweza kulikunja shati la mikono mirefu likakaa sawa huku yeye mwenyewe anasinzia. Wateja walimwita Bi Mikunjo, kwa sababu mkunjo akiuona hatulii. Hata ukikaa naye kwenye kochi unazungumza habari za maana, mkono wake ulikuwa unanyoosha pindo la gauni lako.

Aliishi na kaka yake, ambaye kwangu mimi ni baba mkubwa. Huyu alikuwa dereva wa lori la mchanga, mtu wa sauti nene na mizaha isiyoisha. Aliwahi kuoa, lakini mke akamchoka, akaondoka. Alipostaafu alihamia kwa dada yake akiwa na begi, redio na kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu.

Kasuku aliitwa Utingo. Alipewa jina hilo kwa sababu ujana wake wote aliumaliza ndani ya lori, akisafiri kwenye kiti cha msaidizi wa dereva, akiwatukana mbuzi waliokatiza barabara. Alijua kuuiga mlio wa lori linaporudi nyuma: pii, pii, pii. Mgeni asiyemfahamu alikuwa akiingia sebuleni, anausikia ule mlio mgongoni kwake, anaruka pembeni kabla hajakumbuka kwamba yuko ndani ya nyumba. Baba mkubwa alikuwa akicheka hadi anashika mbavu, na Utingo anacheka vilevile, kwa sauti ileile.

Asubuhi moja baba mkubwa alianguka akinyoa ndevu. Kilikuwa kiharusi. Alirudi kutoka hospitali akiwa na mkono wa kulia uliolala kama si wake, mguu wa kulia hivyohivyo, na ulimi uliokuwa mzito kuliko mchanga wote aliowahi kubeba. Mtu ambaye sauti yake ilikuwa inavuka kuta mbili, sasa alipigana na mdomo wake mwenyewe ili aseme "maji", na mara nyingi alichoka kabla maji hayajaeleweka.

Kwa hiyo alitumia kikombe. Kilikuwa kikombe cha bati, kikubwa, alichonyweshewa uji. Akitaka kitu alikishika kwa mkono wa kushoto na kukigonga kwenye chuma cha kitanda: ngwa, ngwa, ngwa. Mchana shangazi akiwa kazini, aliyeitika alikuwa jirani wa ukuta wa pili, fundi wa kushona tuliyemwita Mama Cherehani. Alikuwa akizisikia kelele zile kupita mashine yake, anaacha kitambaa, anakuja kumgeuza, kumpa maji, kumshikia chombo cha haja ndogo. Jioni na asubuhi zamu ilikuwa ya shangazi. Hapakuwa na mwingine.

Utingo aliwekwa chumbani kwa mgonjwa, karibu na kichwa cha kitanda. Baba mkubwa mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo. Alikuwa akigawana naye mkate uliochovywa kwenye chai, na kidole chake kizima kilikuwa kikipita kati ya nyaya za kizimba kumkuna shingo. Ilikuwa ndiyo burudani iliyobaki kwa wote wawili.

Shangazi alichoka. Sisemi ule uchovu wa kurudi kazini ukavua viatu ukasema "ah". Uchovu wake ulikuwa umehamia mwilini na virago vyake. Alitia chumvi kwenye chai akainywa yote bila kugundua. Alipiga pasi koti la daktari, akalitundika, akalishusha, akalipiga tena. Miguu ilimvimba, mikononi alikuwa na alama za kuungua ambazo hakukumbuka zilivyoingia. Ukimuuliza habari alijibu "nzuri tu", na ile "tu" ndiyo iliyobeba mzigo wote.

Siku aliyokuwa na mapumziko alikuwa anafagia chini ya kizimba cha Utingo, akaokota unyoya wa mkia. Alitaka kuutupa na takataka nyingine, akasita. Kwenye ule wekundu kulikuwa na mistari, imepita upana wa unyoya kutoka upande huu hadi ule. Akadhani ni uchafu, akausugua kwa kidole gumba. Haikutoka. Akausogeza dirishani, akaona mwanga unapenya kwenye ile mistari, kana kwamba mtu amepitisha wembe kwa upole bila kukata. Mstari mmoja ulikuwa mnene, halafu ikafuata mingine myembamba, imekaribiana.

Akamtoa ndege, akamkunjua bawa. Yale manyoya marefu nayo yalikuwa hivyohivyo. Mengine yalikuwa yamekatikia palepale penye mstari.

Alimwonyesha Mama Cherehani.

"Hao ni utitiri," Mama Cherehani akasema bila wasiwasi, pini zikiwa mdomoni. "Mwogeshe na sabuni."

Shangazi akamwogesha. Utingo akamtukana matusi yote ya barabarani aliyoyajua, akatetemeka hadi jioni, na mistari ikabaki palepale. Akampigia mama yangu simu, wifi yake.

"Atakuwa anazeeka, wifi," mama akamwambia. "Mbona hata mimi kucha zangu zina mistari?"

Aliyekata shauri ni baba mkubwa. Aliuomba ule unyoya kwa ishara, akaushika mbele ya macho muda mrefu, akaugeuza huku na huku. Kisha akajikusanya, na neno likatoka zima, kama zamani:

"Mpeleke."

Shangazi akaomba ruhusa ya nusu siku. Msimamizi wake aliguna kama mtu anayeombwa figo, lakini akampa.

Kwa daktari wa mifugo palikuwa na benchi moja. Shangazi alikaa na kizimba mapajani, kimefunikwa shuka kuukuu, kando ya mzee mwenye mbwa mwenye ukurutu. Mbwa akanusa shuka. Chini ya shuka ikatoka sauti nene: "Toka njiani, mjinga!" Yule mzee akamtazama shangazi kwa hasira, akasogea mwisho wa benchi. Shangazi alikuwa amechoka kiasi kwamba hata kujitetea hakujitetea.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mikono ya taratibu. Alimfunga Utingo kwenye taulo ukabaki mdomo na macho, akampima uzito, akamtazama koo, akachunguza kinyesi kilichokuwa kwenye karatasi ya kizimba. Mwisho akakunjua bawa na kulimulika kwa tochi.

"Si utitiri," akasema. "Na hakuna aliyemkata. Kaa, mama, nikueleze."

Shangazi alikuwa amekaa tayari, lakini alijiweka sawa.

"Unyoya ukiwa unaota una damu ndani, unalishwa na mwili siku kwa siku, unasukumwa nje kidogo kidogo. Sasa, mwili ukipata shida wakati huo, njaa, ugonjwa, hofu, kukosa usingizi, unaacha kuulisha vizuri. Ile sehemu iliyokuwa inatengenezwa siku hizo inatoka dhaifu. Ndiyo mistari hii. Unyoya ukishakomaa umekufa kama kucha, haujirekebishi. Unabaki na alama yake hadi udondoke na kuota mwingine."

"Kwa hiyo aliumwa na sikuona?"

"Inawezekana. Siwezi kukuambia ilikuwa siku gani wala kitu gani. Naweza kukuambia tu kwamba hakuwa sawa. Tazama hapa." Akamwonyesha manyoya mawili yaliyokuwa na mstari mnene mahali palepale. "Haya yalikuwa yanaota pamoja. Kulitokea jambo kubwa. Halafu baada ya hapo ni mambo madogomadogo, lakini hayakuisha. Anakula nini?"

"Alizeti. Na mkate wa chai."

"Mboga?"

"Anazitupa."

"Analala saa ngapi?"

Shangazi akafikiri. Taa ya chumba kile haikuzimwa, kwa kuwa yeye huingia na kutoka usiku kucha kumgeuza mgonjwa.

"Halali vizuri," akasema.

"Moshi? Jiko liko karibu?"

"Mlango wa jiko unatazamana naye."

"Paka, watoto, kelele za ghafla? Kuna kitu kinachomshtua?"

Shangazi alituambia baadaye kwamba hapo alikisikia kile kikombe kichwani, ngwa, ngwa, ngwa, na akaona jinsi Utingo anavyojibana kwenye kona ya kizimba kila kikigongwa, macho yamemtoka. Alikuwa akikiona kitu hicho kila siku. Hakuwahi kupata nafasi ya kukitazama.

"Kipo," akasema. Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, "Daktari, na kama kinachomshtua siwezi kukiondoa?"

Daktari alimrudisha Utingo kizimbani, akafuta meza. "Basi anza na unavyoviweza," akasema. "Chakula. Giza usiku. Moshi. Hicho kingine kipunguze utakavyoweza. Na wewe, mama, nenda ukapumzike kidogo."

Shangazi akacheka. Hakuwa amekusudia, ilimtoka tu.

Nyumbani baba mkubwa alikuwa ameegemezwa mito, anangoja. "Nini?" akauliza. Shangazi akamtajia alizeti, mkate wa chai, taa na moshi wa jikoni. Akataka kuishia hapo. Lakini baba mkubwa hakuwa mjinga, na shangazi hakuwa mwongo hodari.

"Na?" akauliza tena.

"Na kelele, kaka. Anashtuka."

Baba mkubwa akakitazama kikombe. Akamtazama Utingo. "Mimi," akasema.

"Si wewe. Taa ni yangu, jiko ni langu, chakula nanunua mimi. Usianze."

"Mimi," akarudia. Akakichukua kikombe kwa mkono wa kushoto, akakishusha chini, akakisukuma mbali kadiri mkono ulivyofika.

Nyumba ikatulia. Shangazi alikatakata karoti na maboga. Utingo akayarusha ukutani kama mtu anayepiga kura ya hapana. Jua likizama kizimba kilihamishiwa sebuleni, kikafunikwa, na asubuhi kikarudishwa. Usiku shangazi aliweza kulala vipande virefu zaidi, na hakujiuliza kwa nini. Mtu aliyepata usingizi baada ya miezi haulizi maswali. Mama Cherehani alipomwambia ukutani, "Siku hizi haniiti kabisa, nadhani anapata nafuu," shangazi akaitikia, "Inshallah, naona hata mimi."

Jioni moja alirudi kazini, akapita moja kwa moja jikoni kuweka maji ya chai, ndipo pua ikamwambia. Akaingia chumbani. Baba mkubwa alikuwa amelowa kutoka kiunoni hadi magotini, shuka imepoa, anatetemeka. Midomo ilikuwa imekauka na kupasuka. Glasi ya maji ilikuwa kwenye kiti, hatua chache tu, mahali ambapo mkono wake haukufika. Alikuwa hivyo tangu Mama Cherehani alipompa uji wa saa nne na kwenda sokoni kutafuta nyuzi.

"Kaka! Kwa nini hukuita?"

Alichukua muda mrefu kulipata neno.

"Ndege," akasema.

Shangazi akakaa sakafuni, mkoba bado begani. Alitaka kulia akaona hata hiyo ni kazi. Baada ya muda akainuka. Akachemsha maji, akamvua, akamwosha, akampaka mafuta mgongoni palipoanza kuwa pekundu, akambadilishia shuka aliyoipiga pasi mwenyewe, akamnywesha maji kwa kijiko mpaka akasema basi. Utingo alikuwa ameshikilia nyaya kwa mdomo, anawatazama.

Kazi ilipoisha, shangazi akampigia simu baba yangu, mdogo wao.

Mimi nilikuwepo. Tulikuwa mezani, na baba aliiweka simu kwenye spika kwa sababu mikono yake ilikuwa na mchuzi.

"Shikamoo dada!"

"Leo sitaki shikamoo," shangazi akasema.

Baba akaacha kutafuna.

"Kila nikikupigia nakupa habari zake, na wewe unasema pole, na unasema uko njiani. Umekuwa njiani tangu alipotoka hospitali. Sasa sikupi habari. Nakuambia nimechoka. Nimechoka, mdogo wangu. Kaka amekaa kwenye mkojo tangu asubuhi kwa kumhurumia kasuku, na mimi nilikuwa nafurahia kwamba nyumba imenyamaza. Njoo."

Hakupandisha sauti hata kidogo. Kama angepiga kelele, baba angepata la kujibu, maana kwa kelele baba yangu hashindwi. Ile sauti iliyolala ndiyo iliyomnyanyua. Alinawa mikono, akaniambia nichukue koti, tukaondoka sahani zikiwa mezani.

Nilimwona baba akisimama mlangoni mwa chumba kile asijue pa kuweka mikono. Kaka yake ndiye aliyemfundisha kuendesha gari, ndiye aliyempiga kofi siku alipovuta sigara ya kwanza. Sasa alikuwa amepungua kitandani, shavu moja limeshuka. Baba mkubwa akamwona, akainua nyusi, akajaribu neno. Lilichelewa, lakini lilifika.

"Umenenepa," akasema.

Baba akacheka na kulia kwa pamoja, akafanya yote mawili vibaya.

Baba yangu anauza vifaa vya umeme, na akishikwa na aibu hutengeneza kitu. Kesho yake alikuja na kengele ya mlango ya kubonyeza, ile isiyotumia waya. Kitufe akakifunga kwenye chuma cha kitanda, upande wa mkono wa kushoto. Kengele moja akaiweka jikoni, nyingine kwa Mama Cherehani. Ukibonyeza, chumbani hapasikiki ila muziki mdogo kwa mbali. Mama Cherehani aliuchukia muziki ule kuanzia siku ya kwanza. "Kama gari la kuuza barafu," alisema. Lakini aliuitikia kila mara.

Tatizo ni kwamba Utingo aliupenda. Hazikupita siku nyingi akawa ameujua wote, na akianza, shangazi anatupa mwiko anakimbilia chumbani, anamkuta baba mkubwa ametulia, bega lake zima linatikisika kwa kicheko. "Huyu ataniua," shangazi alikuwa akisema. "Kwanza kwa huruma, sasa kwa mbio."

Manyoya ya zamani yalidondoka polepole, moja moja. Yaliyoota hayakuwa yote ya kupendeza. Unyoya mmoja wa mkia ulitoka na mstari, na shangazi alidhani ni kwa sababu ya ile wiki ambayo baba mkubwa alirudishwa hospitali kwa ugonjwa wa kifua, nyumba ikawa imepinduka. Mengine yalitoka laini, mekundu kabisa. Alimpelekea daktari picha. Daktari akajibu kwamba anaendelea vizuri, na je, mama naye amepumzika? Shangazi alinionyesha simu, akasema, "Huyu daktari anauliza sana." Hakumjibu.

Baba mkubwa aliishi miaka mingine kadhaa. Maneno machache yalirudi, hasa yale ya kukosoa watu. Mguu haukurudi.

Jumamosi zikawa za baba. Mwanzo alilalamika njia nzima kwenda na njia nzima kurudi. Utingo alimuuma kidole mara zisizo na idadi, na karoti alizokatiwa na baba alizitupa kwa nguvu kuliko zile za shangazi. Ila alikwenda. Alijifunza kumgeuza kaka yake bila kumwumiza bega, na kumnyoa, na kunyamaza naye.

Ile Jumamosi ya kwanza ya zamu ya baba, shangazi alikuja kwetu. Alisema anapita tu kusalimia, ana nguo za kufua. Mama akamwambia, "Kaa kwanza, wifi, chai inachemka," akaenda jikoni. Aliporudi na sinia, shangazi alikuwa amelala kwenye kochi, viatu miguuni, mkono mmoja umeshika pindo la kitambaa cha kochi kama aliyekuwa katikati ya kukinyoosha. Mama akaweka sinia chini bila kugonga. Akanionyesha kwa kidole nifunge pazia.

Alilala mpaka chai ikapoa, mama akachemsha nyingine, nayo ikapoa. Jioni aliamka, akakaa ghafla, akauliza, "Saa ngapi? Nani yuko na kaka?"

"Mdogo wako yupo," mama akasema. "Lala."

Shangazi akamtazama kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha anayoijua kidogo. Kisha akavua viatu, akavipanga vizuri chini ya kochi, akajilaza tena akiwa ameupa ukuta uso.